Wanyama wa Mwitu wa Bayeux

Garimoshi litokalo Paris, katika kituo cha Saint-Lazare, huchukua saa mbili na zaidi kufika Bayeux. Njiani tuliona malisho mabichi, ng'ombe wenye mabaka, na bustani za mitofaa ambayo Wanormandi hukamua matunda yake kuwa kinywaji. Mji wenyewe si mkubwa. Mto Aure wapita katikati yake, na minara ya kanisa kuu yaonekana kutoka mbali, kabla mgeni hajaona paa hata moja la nyumba.

Wasomaji wapenzi, watu wengi huenda nchi ile kwa ajili ya vita vya mwaka wa 1944. Fukwe walikoshukia askari ziko karibu, na Bayeux ulikombolewa tarehe 7 Juni mwaka ule, karibu bila kubomolewa. Sisi hatukwenda kwa ajili ya vita. Sisi twashona na kufundisha kushona, na tulitaka kutazama kwa macho yetu jinsi watu walivyotarizi mbweha, ayala, dubu na mbwa mwitu kwa sindano na sufu, yapata miaka 950 iliyopita. Tena tulikuwa na deni moja la zamani moyoni, nalo tutalisimulia mahali pake.

Kazi hiyo ni kitani chembamba, kirefu ajabu. Urefu wake wakaribia meta 70, na upana wake ni kama nusu meta tu. Vipande tisa vya kitani vimeunganishwa pamoja. Wafaransa wamezoea kukiita kwa jina la mazulia ya ukutani yanayofumwa mtamboni. Lakini hapana kilichofumwa hapo ila kitambaa chenyewe. Picha zote ni za sindano. Zasimulia jinsi William, mtawala wa Normandi, alivyovuka bahari mwaka wa 1066, akamshinda Harold, mfalme wa Uingereza, katika vita vya Hastings. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba aliyeagiza kazi hiyo ni Odo, askofu wa Bayeux, ndugu wa William kwa mama, na kwamba ilitariziwa Uingereza katika miaka ya 1070 hivi. Habari ya vita vile imeandikwa mara nyingi, nasi hatutairudia.

Juu na chini ya picha kubwa hupita pindo mbili nyembamba, na humo ndimo wanamoishi wanyama wengi. Waliowahesabu katika kitani chote wamepata farasi kama 200, mbwa 55, na viumbe wengine zaidi ya 500. Baadhi yao ni wa kweli, na baadhi ni wa kubuniwa tu, kama simba wenye mabawa na mazimwi ambao mikia yao imejisokota kama mzabibu.

Tulifika mwezi wa Mei mwaka wa 2024, wakati kitani kilipokuwa bado katika jengo lililokuwa zamani seminari kuu, ambamo kiliwekwa mwaka wa 1983. Jumba hilo lilifungwa mwishoni mwa Agosti 2025 ili litengenezwe upya. Ilitangazwa mwaka huohuo kwamba kitani kitaazimwa kwa British Museum huko London, tangu Septemba 2026 hadi Julai 2027, kisha kirudi kwao. Basi mwenye nia ya kufunga safari na aulize kwanza kiko wapi.

Chumba kilikuwa na giza, kwa kuwa mwanga hula rangi. Kila mgeni alipewa chombo cha kutia sikioni, na sauti ikamwongoza kutoka picha hata picha, kwa mwendo wa haraka. Sauti hiyo ilitaka tumtazame mfalme. Sisi tukatazama pindo. Wageni walitupita kushoto na kuume. Tulifika mwisho tukiwa tumeona nusu tu ya tulivyovitaka, tukanunua tiketi ya pili alasiri ileile.

Upande wa chini, karibu na mwanzo, yumo mbweha chini ya kunguru, na jibini i katikati ya mdomo wa kunguru na kinywa wazi cha mbweha. Ni hekaya ya Ezopo, ambayo watoto wengi huisoma shuleni, na watarizi wale waliipenda hata wakairudia mara tatu katika pindo. Yumo mbwa mwitu pamoja na mwana-kondoo. Yumo korongo aliyetia kichwa chake kooni mwa mbwa mwitu. Mbele kidogo dubu amefungwa mtini, na mtu mwenye upanga na ngao anamchokoza. Kisha yaja mawindo: mbwa wakimbia, ayala wakimbia mbele yao, na mtu apuliza pembe.

Hapo tulianza kuuliza lile swali tulilokuja nalo. Tuliwaona farasi wa buluu, wa kijani, wa manjano, wa rangi ya matofali. Hata wanyama wa pindo wamevikwa rangi ambazo Mungu hakuwapa. Na bado hatukukosea hata mara moja kumjua mbweha ni nani na ayala ni nani! Mbweha ajulikana kwa pua yake iliyoelekezwa juu na kwa mkia wake. Ayala ajulikana kwa pembe na shingo. Mnyama yumo katika mstari unaomzunguka. Mstari ukiwa mwema, ngozi yaweza kuwa ya rangi yoyote, na jicho halilalamiki.

Hatudhani kwamba watarizi wale hawakujua rangi ya farasi. Waliwaona kila siku. Lakini sanduku lao la nyuzi lilikuwa dogo. Yasemekana rangi za kitani chote ni kumi tu, nazo zote zatoka katika mimea mitatu. Mizizi ya garansi yatoa nyekundu. Goda yatoa manjano. Majani ya pasteli yatoa buluu, nayo ni buluu ileile ya nili, ingawa mmea ni mwingine. Ukitaka kijani, watia sufu katika manjano na katika buluu, moja baada ya nyingine. Ukitaka rangi nzito waichovya tena na tena; ile iliyokolea kabisa yaonekana karibu nyeusi. Kwa nyekundu na manjano sufu hutayarishwa kwanza kwa shabu, ili rangi ishike. Pasteli haihitaji shabu, nayo ina ajabu yake: sufu hutoka chunguni ikiwa na rangi ya majani machanga, na hewa ikiigusa, hugeuka buluu machoni pa mtazamaji.

Rangi hizo zimedumu. Katika karne ya 19 mafundi walitengeneza sehemu zilizochakaa kwa sufu mpya, na baadhi ya nyuzi zao zimepauka, hali zile za kale zingali na nguvu. Tuliyatazama hayo kwa wivu kidogo, tukikumbuka uzi mwekundu wa dukani tulioununua mara moja, uliochafua kitambaa kizima cheupe siku ya kufuliwa kwa mara ya kwanza.

Basi, mwenye rangi kumi azitumieje? Hapa ndipo tulipojifunza. Farasi watatu wanne wakienda pamoja, kila mmoja amepewa rangi yake, ili macho yasichanganye miguu kumi na sita. Yule wa buluu husimama mbele ya yule wa manjano. Mwekundu hutenganishwa na mwekundu mwenzake. Na tulipoinama karibu na kioo tukaona jambo jingine. Farasi mmoja ana mwili wa rangi moja, na miguu miwili ya rangi hiyohiyo, lakini miguu miwili iliyobaki ni ya rangi nyingine kabisa. Tukamtazama wa pili, wa tatu, wa kumi. Ndivyo walivyo wengi wao. Miguu iliyo karibu nasi yafuata mwili. Miguu ya upande wa pili, iliyo mbali, imepewa uzi mwingine. Hapana kivuli, hapana ujanja wa wachoraji wa siku hizi. Uzi mmoja tu uliobadilishwa, na farasi apata unene, asimama juu ya nchi, aweza kukimbia.

Sasa tulisimulie lile deni. Miaka mingi iliyopita, katika darasa la ushonaji tulilofundisha kwetu, karibu na Ziwa Kivu, wasichana walipewa kutarizi vitambaa vya meza vyenye wanyama wa msitu: kulungu, kima, kanga, chui. Msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mikono ya wenzake, alimshona kulungu kwa uzi wa kahawia, vizuri kabisa. Ila miguu miwili aliishona kwa buluu. Tukamwuliza, «Umeona wapi kulungu mwenye miguu ya buluu?» Akajibu kwa sauti ndogo, «Mama mwalimu, hiyo ni miguu ya upande wa pili.» Darasa likacheka. Nasi, badala ya kufikiri, tukacheka pamoja nalo, tukamwamuru afumue.

Alifumua. Kitambaa kilikuwa chepesi, na sindano ilikuwa imekwisha kukitoboa. Alipoishona tena miguu kwa kahawia, yote minne ikawa fungu moja kama ufagio, na pembeni yakabaki matundu. Kitambaa kikauzwa kwa bei ya chini. Mwaka ule mzima hakutuuliza swali lingine lolote.

Mbele ya farasi wale wa Bayeux tulisimama kwa muda mrefu. Ile sauti ya sikioni ikaendelea kueleza habari za Harold, nasi hatukuwa tukiisikiliza tena.

Tuseme neno juu ya mishono, kwa maana mama na binti watakaosoma ukurasa huu watataka kujua. Ni minne. Ule wa kwanza hufanana na kamba iliyosokotwa: kila pigo la sindano huanza nyuma kidogo, kando ya pigo lililotangulia. Kwa huo wameshona mipaka yote ya wanyama, nyuso za watu, vidole, kamba za merikebu na herufi za Kilatini. Mshono wa mnyororo na ule unaopasua uzi katikati umetumika mahali pachache. Wa nne ndio ulioenea kuliko yote katika kujaza, na siku hizi huitwa mshono wa Bayeux. Nyuzi ndefu hulazwa ubavu kwa ubavu mpaka nafasi ijae, kama majani juu ya paa. Kisha nyuzi nyingine, zenye kuachana, hupitishwa juu yake kwa kukingama, kama fito. Mwisho, fito hizo hufungwa chini kwa pigo dogo dogo. Sufu karibu yote hubaki upande wa mbele, haipotei nyuma. Na kazi huenda upesi. Zaidi ya hayo, kitani kinachozunguka picha kimeachwa kitupu, hata ngozi ya nyuso na mikono ya watu ni kitani tupu kilichozungushiwa mstari. Mwenye uzi kidogo ajua thamani ya akili hiyo.

Hata hivyo hatuwashauri wenzetu waige mshono huo kwa kitambaa cha meza au shuka ya mtoto. Nyuzi ndefu zilizolazwa hukwama katika kila ukucha na kila kijiko, na kufuliwa mara kwa mara huzilegeza. Ni mshono wa kitu kinachoning'inizwa ukutani. Kwa kitu cha kufuliwa, ni afadhali kujaza mwili wa mnyama kwa mistari mingi ya ule mshono wa kamba, mmoja karibu na mwingine, ikifuata mwelekeo wa manyoya: kutoka shingoni kwenda mgongoni, na kutoka mgongoni kushuka tumboni. Hudumu, ingawa hula siku nyingi.

Tena tumeona ya kuwa yafaa kuchagua nyuzi kabla ya kuchora, wala si baada yake. Ziweke juu ya kitambaa chenyewe, mchana, karibu na mlango, kwa maana taa ya usiku hufanya buluu na kijani zifanane. Kwa kulungu, rangi tatu zatosha, na ya nne iliyo nzito kwa mpaka, jicho na kwato. Kisha rudi nyuma hatua kumi utazame. Rangi mbili zikigeuka kuwa moja kwa umbali huo, moja wapo haina kazi, irudishe kikapuni. Na uzi mwekundu, loweka kipande chake kwanza katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe. Sisi twajua kwa nini twasema hivyo.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kanisa kuu. Lilitabarukiwa mwaka wa 1077, William mwenyewe akiwapo, ijapokuwa sehemu kubwa ya lile lionekanalo leo ilijengwa baadaye. Kando yake umesimama mti mkubwa sana, uliopandwa mwaka wa 1797. Orodha ya mali ya kanisa ya mwaka wa 1476 yasema ya kwamba kitani kilikuwa kikizungushwa katika ukumbi wa waamini, siku ya sikukuu ya Masalio na siku nane zake. Tuliketi chini ya nguzo zile tukawaza jinsi watu walivyosimama, wakulima na watoto wao, wakitazama juu kitani chenye upana wa nusu meta tu. Kutoka pale hapana ambaye angeweza kuona unyoya mmoja mmoja. Angaliona mstari mzito na rangi zinazoachana. Farasi wa kahawia mbele ya farasi wa kahawia angalikuwa kwake doa tu.

Majina ya waliotarizi hayakushonwa popote. Katika picha kubwa wamo wanaume zaidi ya mia tano, na wanawake watatu tu. Lakini Uingereza ya siku zile ilisifiwa kwa sindano za wanawake wake, na kitabu cha hesabu ya nchi kilichoandikwa kwa amri ya William mwaka wa 1086 chataja wawili wao. Mmoja ni Leofgyth, aliyewatarizia mfalme na malkia kwa nyuzi za dhahabu. Wa pili ni Ælfgyth, ambaye liwali wa wilaya alimpa shamba dogo ili amfundishe binti yake kutarizi. Hapana asemaye kwamba hao ndio walioshika kitani cha Bayeux. Twawataja kwa sababu kazi yao ililipwa kwa shamba, jambo ambalo lingewashangaza wanunuzi fulani wa vitambaa tunaowafahamu sisi.

Tena watarizi wale walikosea. Pale kipande cha kwanza cha kitani kiungwapo na cha pili, mstari wa pindo la juu haukukutana. Mmoja u juu, mwingine u chini kidogo, kama ngazi. Maungo yaliyofuata wameyaficha vizuri hata ni vigumu kuyaona. Mshono ule wa kwanza hawakuufumua. Wameuacha hivyo, na mpaka leo u hivyo. Kitani hicho, pamoja na kosa lake, nusura kipotee mwaka wa 1792, kilipochukuliwa kufunikia mizigo ya gari la askari, mpaka mwanasheria mmoja wa mji akakiokoa.

Mbele ya kanisa tuliingia katika nyumba ya zamani ambamo wanawake hutengeneza lesi kwa vijiti vingi vidogo. Kazi hiyo ilifundishwa mjini tangu karne ya 17 na masista wa Providence, wakiwapa mabinti maskini riziki. Vijiti vile vyatoa mlio mwembamba, kama mvua juu ya majani ya migomba. Tungalikaa zaidi, lakini garimoshi halingojei. Dukani tulinunua kadi moja tu: farasi, mwili wa rangi moja, miguu ya mbali ya rangi nyingine.

Msichana yule sasa ni mama wa watoto wanne, na ana cherehani yake mwenyewe sokoni. Tulimkuta akikata sare za shule. Tukampa kadi, tukamwomba radhi kwa ajili ya kulungu, mbele ya wateja wake wawili. Kwanza alicheka, akasema hakumbuki. Kisha akaisogeza kadi penye mwanga, akanyamaza.

«Hawa walishona lini?»

Tukamwambia.

«Na hapana aliyewafumulisha?»

Tukajibu kwamba, kwa kadiri ionekanavyo, hapana. Akaigeuza kadi kutazama nyuma, kama watarizi wote wafanyavyo ili waone mafundo. Nyuma palikuwa na maandishi tu. Basi akatuuliza jinsi nyuzi zinavyolazwa na kufungwa. Tukaomba kipande cha kitambaa chakavu na sindano. Akavuta boksi la nyuzi kutoka chini ya meza, akalisukuma mbele yetu, kisha akalirudisha kwake, akachagua mwenyewe.